Mama Kulwa, kabla hujamimina kikombe kingine cha magadi

Mama Kulwa wabeja kwa swali, na unisamehe nimechelewa kujibu, ilikuwa wiki yangu ya zamu ya usiku na mchana nalala kama gogo. Ujumbe wako ulikuwa mrefu kwa hiyo niufupishe ili na wengine wenye shida kama yako waelewe tunaongelea nini.

Umesema una miaka 38, unakaa Igombe huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, unaanika dagaa na unawapeleka mpaka soko la Mwaloni Kirumba. Tumbo linakusumbua mwaka wa tatu sasa, linawaka pale kwenye chembe ya moyo, linajaa gesi, usiku linakuamsha, alafu kuna wiki unaharisha kidogo kidogo linaacha lenyewe. Umeshatumia maji ya magadi, unga wa mkaa, shubiri mwitu, mwarobaini, mama mkwe kakuletea pemba, ule udongo wa kula, na sasa kuna kijana pale Makoroboi anakuuzia chupa tatu za "vidonda vya tumbo sugu" kwa elfu 45. Unauliza kipi kati ya hivyo ndo dawa ya kweli, je unaweza kuchanganya, na mwishoni kabisa ukauliza kama uache kupikia makande magadi maana baba Kulwa hali makande bila magadi. Hilo la makande usidhani nimelisahau, ntalifikia.

Kwanza niweke sawa, mi siyo daktari, ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta hapa Mwanza miaka 17. Na sina ugomvi na miti. Bibi yangu mzaa mama kule Misungwi alikuwa mtu wa mizizi, tukiumwa tumbo anasema nzoka imeamka, anaingia porini anarudi na kitu kichungu hujawahi kuona, na mara nyingine kilisaidia kweli. Ugomvi wangu ni na neno moja tu, "vidonda", umeliandika mara sita. Nimesoma ujumbe wako mara mbili sijaona mahali ulipopimwa ukaambiwa una vidonda. Nani alikuambia? Jirani? Maana hapa kwetu kila tumbo linalowaka ni vidonda, ukila pilipili likawaka ni vidonda, ukikaa na njaa likauma ni vidonda, na mtu akishajipa jina hilo anaanza kutafuta dawa ya jina, hatafuti tena dawa ya tumbo lake.

Tuanze na magadi maana ndo yamekushika zaidi. Umesema ukinywa nusu kikombe unabeua mara tatu nne na moto unazima palepale. Ni kweli unazima, sikatai. Magadi ni chumvi za sodiamu, kaboneti na bikaboneti, zinazobaki pale maji ya maziwa kama Natron yanapokaukia juani. Tumboni mwako kuna asidi kali. Magadi yakikutana na asidi, asidi inapoa, na wakati inapoa inazaliwa hewa ya kaboni dayoksaidi, ileile inayotoa povu kwenye soda ya chupa. Sasa wewe unabeua unasema "afadhali gesi imetoka", kumbe hiyo gesi umeitengeneza mwenyewe dakika moja iliyopita, haikuwepo! Hapo ndo wengi wananasa, wanahesabu mbeuo kama ushahidi kwamba dawa imefanya kazi. Alafu baada ya muda tumbo linamwaga asidi upya maana hiyo ndo kazi yake, moto unarudi, unarudi tena kwenye kikombe, na mwaka wa tatu unakukuta hapohapo.

Gharama yake ni sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha ile bekingi soda ya dukani, ambayo ni ndugu msafi wa magadi, kina sodiamu kama miligramu 1,200, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku nzima, na humo chakula chote kimeshahesabiwa, na wewe unashinda na dagaa wa chumvi. Umeandika mama yako mzazi ana presha. Basi na wewe hujapimwa, au? Na magadi ya kuchimbwa yana vitu vingine ndani, kimojawapo floraidi. Wale watu wa upande wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya kahawia, kisa kikubwa ni maji yao ya kunywa, ila hata magadi ya kupikia yametajwa kuchangia, hasa kwa watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka kwenye fizi.

Kama unataka madini ya kuzimia moto kwa usiku mmoja, kuna vile vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna, kila duka la dawa vipo na bei ni ya chini sana. Vingine vina magnesiamu peke yake, vingine vimechanganywa na aluminiamu, na sababu ya kuchanganya ni ya kuchekesha kidogo: magnesiamu inalainisha choo, aluminiamu inakifunga, wakikaa pamoja wanasawazishana. Tafuna vizuri usimeze vizima, kunywa saa moja hivi baada ya kula na ukienda kulala. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila kuuliza. Na kama unatumia vidonge vya kuongeza damu au antibayotiki kama doksisaiklini au sipro, viachane kwa masaa mawili angalau, maana haya madini yanakamatana na hizo dawa tumboni zinashindwa kuingia kwenye damu. Lakini hiyo nayo ni ya kuzima moto tu, haijui nani kauwasha.

Na nani kauwasha, hapo ndo nataka tukae kidogo.

Umetaja Igombe, umetaja kuanika dagaa, na umetaja kuharisha kunakokuja na kuondoka. Mimi nikisikia hivyo vitatu kwa pamoja kitu cha kwanza kunijia kichwani ni kichocho. Najua utasema "ah mbona sikojoi damu". Ndo maana kinawapita watu wengi! Kile cha kukojoa damu ni cha kibofu, kinapatikana sana huko ndani usukumani kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Sisi wa ufukweni na visiwani tuna ndugu yake, kichocho cha tumbo, anayekaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na huyu hakupi mkojo mwekundu, anakupa tumbo lisiloeleweka. Leo linauma, kesho limejaa, keshokutwa unaharisha, mara nyingine choo kina utelezi au damu kidogo, alafu linatulia unasema umepona.

Kichocho ni minyoo, sasa wanaingiaje? Konokono wadogo wa maji wanatoa vijidudu, vinaogelea, vinapenya ngozi ukiwa umesimama majini dakika chache tu, unafua, unachota, unavuta mtumbwi, unaoga jioni. Huhitaji kunywa hayo maji. Wakishakomaa wanakaa dume na jike wamekumbatiana ndani ya mshipa miaka na miaka, jike anataga kila siku, na mayai yasiyotoka na choo yanapelekwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama huko. Ini linaanza kujaa makovu. Ndo baadaye unakuja kuona mtu wa visiwani tumbo limejaa maji, anatapika damu, na kijiji kizima kinasema karogwa. Hakurogwa, miaka 15 nyuma alikuwa na tumbo kama lako na alikuwa anakunywa magadi.

Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa naenda kuogelea Nyegezi kila jumamosi, tumbo likaanza, na mimi kwa ujuaji wangu wa mwaka wa pili nikajitibu "asidi", nikatafuna magnesiamu miezi nane, kila sehemu ninayoenda wananiongezea dawa ya asidi tu. Rafiki yangu wa maabara akaniambia kwa utani lete choo, nikaleta kwa utani, mayai yalikuwa yamejaa kwenye darubini. Nilicheka kwa aibu siku ile. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu kichocho, ila cha kwenye mtihani.

Kipimo ni cha choo, na kuna kingine cha mkojo kinachoonyesha kama minyoo hai ipo. Cha choo kinaweza kukosa mayai siku moja yakaonekana siku nyingine, kwa hiyo majibu ya "hakuna kitu" usiyachukulie kama hati ya kiwanja, omba urudie siku nyingine. Dawa ni prazikwanteli, inahesabiwa kwa uzito, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, yani mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya 600 baada ya kula kashiba, mara moja basi. Utasikia kizunguzungu na tumbo kunyonga siku hiyo, usipange kwenda mwaloni. Watoto wanagaiwa shuleni ila sisi wakubwa tunasahaulika, mtu anavua au anaanika dagaa miaka 20 hajawahi kumeza hata mara moja. Na kwa vile wale wachanga hawafi vizuri na dawa, na wewe utarudi majini kesho, kuna watu inabidi warudie. Mti wowote ninaoujua mimi hauifanyi hiyo kazi.

Mtuhumiwa wa pili ni H. pylori, nadhani umeshamsikia maana siku hizi anatajwa kila kona. Ni bakteria anayeishi kwenye ute wa tumbo, ndani ya asidi ileile ambayo zamani madaktari waliamini hakuna kiumbe kinachoweza kuishi. Waliosema wanaishi ni Barry Marshall na Robin Warren wa kule Perth Australia, mwanzoni mwa miaka ya 80, watu hawakuwaamini, mwaka 1984 Marshall akachukua bakteria hao akawanywa, tumbo likamchafuka kwelikweli akaonyesha ulimwengu. Nobel walipewa 2005. Kabla ya hapo wenye vidonda waliambiwa ni mawazo na pilipili, wakapewa maziwa kila saa. Na sisi bado tunaambiana hivyo, kunywa maziwa ya moto, wakati maziwa yanatuliza dakika kadhaa alafu yanaliamsha tumbo limwage asidi zaidi. Unaona inavyofanana na magadi?

Huyu naye anapimwa. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, maana cha damu kinatafuta kinga ya mwili, na kinga inabaki hata ukishapona, kwa hiyo kuna watu wanamaliza dawa wanapima damu wanaambiwa "bado unao" wanameza tena, tena na tena, bure. Alafu kama umekuwa ukimeza omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, simamisha wiki mbili kabla ya kupima, na antibayotiki wiki nne, la sivyo wadudu wanajificha majibu yanadanganya. Ukikutwa nao dawa ni mseto, ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili au zaidi, mara nyingi siku 14. Mdomo utakuwa mchungu kama umelamba msumari, tumbo litavurugika, siku ya tano utajisikia mzima utatamani kuacha. Usiache. Wanaoacha katikati ndo wanaowafuga wadudu sugu, alafu wanasema dawa za hospitali hazifanyi kazi.

Kuna na mtuhumiwa wa tatu hujamtaja, ntakuuliza tu: mgongo ukikuuma baada ya kubeba magunia unameza nini? Kama ni diklofenaki, aspirini au ibuprofeni, na unameza asubuhi na chai kavu, basi hivyo vinachubua tumbo kuliko pilipili zote za Soko Kuu. Hapo kaunta kila siku nauza diklo kwa wabeba mizigo na baada ya miezi wanarudi kununua dawa ya vidonda, na wala hawaunganishi hivyo vitu viwili. Ukiumwa meza paracetamol.

Sasa orodha yako, ntapita haraka maana mingine haina maneno mengi.

Mkaa. Mkaa unaotumika hospitali kwa mtu aliyekunywa sumu umetengenezwa maalum, umetobolewa vitundu vidogo mno kwa joto kali, kila punje ina uso mpana sana wa kunasia vitu. Mkaa wako wa jikoni ni mkaa tu. Na hata ule wa kweli hauchagui, unanasa sumu na unanasa dawa, kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango unaweza ukavipoteza ukapata mdogo wake Doto. Halafu unageuza choo kuwa cheusi, na choo cheusi ni alama tunayoihitaji, ntaeleza hapo chini.

Pemba. Najua mama mkwe kaleta kwa upendo na najua harufu yake ilivyo tamu, hasa ukiwa mjamzito. Udongo ule unashika uso wa tumbo ni kweli, hata viwandani kuna udongo mweupe unaoitwa kaolini ulikuwa unawekwa kwenye dawa za kuharisha. Ila pemba la sokoni hakuna aliyelisafisha, limekutwa na risasi na arseniki, na mayai ya minyoo yanaweza kupanda humo bure, na kubwa zaidi linazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Wewe mwanamke wa miaka 38, kama una kichocho na unakula udongo, damu yako itakuwa imeshuka sana. Na ile hamu ya kula udongo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu ni ndogo. Pima wingi wa damu siku hiyohiyo.

Shubiri mwitu hii ndo inanitisha. Ule utomvu wa njano mchungu wa chini ya ganda siyo sawa na ile jeli ya katikati, utomvu una aloini, inaukaba utumbo mpana mpaka unasukuma kila kitu nje. Marekani waliiondoa kwenye dawa za choo za kununua bila cheti mwaka 2002 kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa. Ukiinywa mara kwa mara unapoteza maji na potasiamu, moyo unaanza kwenda mrama, na mjamzito asiiguse kabisa. Wewe tumbo linaharisha unaliongezea shubiri, ya nini?

Mwarobaini jina tu limeubeba, magonjwa 40. Chai yake ya majani mtu mzima akinywa kikombe leo na kingine wiki ijayo sitopiga kelele, ila haina kazi kwenye asidi, na mafuta ya mbegu zake watoto wasipewe kinywani hata tone, yamewahi kuwatia watoto degedege na hata kuwaua. Mlonge hujauuliza lakini najua utauuliza. Ni mboga nzuri. Basi.

Tangawizi hii naitetea. Kwa kichefuchefu ina ushahidi mzuri, hata kwa wajawazito, gramu moja hivi ya unga wake kwa siku inasaidia. Lakini kwa tumbo linalowaka inaweza ikaongeza moto, kwa hiyo siyo yako kwa sasa. Kabeji nayo ina historia, mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda juisi ya kabeji mbichi akasema walipona haraka, ila 13 ni watu wa hiace moja na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Ukitaka kunywa kunywa, haina ubaya zaidi ya gesi.

Kama kuna madini yanayostahili kusifiwa kwenye tumbo mimi nasema zinki, na hakuna anayeyapigia debe pale Makoroboi. Umesema Kulwa na Doto wana miaka minne. Wakiharisha wape maji ya ORS kila wakienda choo, na kidonge cha zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumeacha siku ya tatu, kinapunguza makali na kinawakinga wiki zinazofuata. ORS ikikosekana usiku: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko bapa siyo vya kujaza mlima. Mama mkwe akitaka kuwapa majani ya mpera juu yake mwache, ila ORS ndo kwanza.

Haya yule kijana wa chupa. Sitasema dawa yake ni mbaya, siijui, na hilo ndo tatizo, na wewe huijui. Tanzania waganga na dawa zao wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo tangu 2002. Muulize cheti chake, muulize chupa ina mti gani, muulize inazuiwa kwa nani. Akikuambia "haina madhara na inatibu vidonda, presha, sukari, nguvu za kiume na mikosi" funga pochi. Dawa za asili za mitaani zimewahi kukutwa zimetiwa dawa za kizungu kimyakimya, diklo, steroidi, ndo maana mtu anapata nafuu siku ya kwanza anashangaa. Na steroidi pamoja na diklo kwenye tumbo lenye kidonda kweli ni petroli kwenye jiko. Tulishapanga foleni Loliondo mwaka 2011 kwa yule Babu aliyegawa kikombe cha dawa ya miti, kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, huyu anataka elfu 45.

Kuhusu kuchanganya jibu ni hapana, na siyo kwa sababu eti vinagombana kwa kimizimu, ni kwamba magadi yanakujaza sodiamu, shubiri inakumaliza potasiamu, mkaa na udongo vinanasa dawa na chuma, na vyote kwa pamoja vinaficha dalili. Simamisha vyote wiki hii. Moto ukikuzidi tafuna magnesiamu, kula mapema kabla ya saa mbili usiku, usilale na tumbo la ugali wa udaga, inua kichwa cha kitanda kwa matofali. Alafu nenda kituo cha afya na ujumbe huu kwenye simu, sema nataka kipimo cha choo cha kichocho na cha H. pylori, wingi wa damu, na presha, na waambie unakaa ufukweni na unaingia majini, hilo wasipoliuliza liseme mwenyewe.

Ila usisubiri foleni ya wiki, nenda siku hiyohiyo hospitali kubwa, Sekou Toure au Bugando, kama choo kinatoka cheusi kinanata kama lami na kinanuka vibaya (vidonge vya damu na mkaa navyo vinafanya choo cheusi, ndo nikasema acha mkaa), kama unatapika damu au kitu kama majimaji ya kahawa, kama chakula kinakwama kikishuka, kama unakonda bila kujinyima, au tumbo limekuwa gumu kama ubao. Hayo siyo ya mfamasia wala mganga.

Na makande. Mwambie baba Kulwa sijamnyang'anya. Magadi kidogo ya kulainishia mahindi na maharage siyo sawa na kunywa kikombe, ila unaweza kuyapunguza mpaka yasionekane. Loweka maharage na mahindi kuanzia jioni, asubuhi mwaga yale maji yote, suuza, pika kwa maji mapya. Yataiva haraka mkaa utabaki, na gesi itapungua, kwa sababu ile sukari ya maharage inayochacha utumbo mpana sehemu yake inaondoka na yale maji uliyomwaga. Jaribu jumapili hii bila kumwambia. Akigundua, mwongezee kipande kidogo cha magadi kwenye sahani yake peke yake, ya kwako isiguswe mpaka majibu yatoke.